Daktari wa pasi za kisigino

Ahsanteni, kaeni jamani, nyie wa nyuma sogeeni huku, viti vipo. Nimeombwa niongelee mchezaji mpira aliyekuja kuwa daktari na najua wengi mnasubiri ile stori ya kila siku, jamaa kacheza, kaumia goti, karudi shule. Huyu wangu hapana. Huyu alikuwa na digrii ya udaktari mkononi kabla dunia haijamjua kama mchezaji.

Anaitwa Sócrates, Mbrazili, kazaliwa Belém mwaka 1954. Baba yake alikuwa mtu wa vitabu hasa, kajisomesha mwenyewe, ndo maana mtoto akapewa jina la mwanafalsafa wa Kigiriki, na waliomfuata wakaitwa Sóstenes na Sófocles, sa hiyo nyumba mnaipata picha yake. 1964 wanajeshi wanapindua nchi, dogo ana miaka kumi, anamkuta baba yake anachoma kitabu kuhusu Wabolsheviki, wale wakomunisti wa Urusi. Mzee huyo huyo anayeabudu vitabu, anachoma kitabu kwa woga. Ishikeni hiyo, nitairudia.

Udaktari kasomea Ribeirão Preto, Chuo Kikuu cha São Paulo kina kitivo hapo, na mpira anachezea Botafogo ya mji huo huo, sio ile ya Rio, msichanganye. Sasa mtu wa wodini na maabara mazoezi anayakosa tu, klabu inajua na inamvumilia. Siku ya mechi anakuja na akili nyingi na pumzi kidogo. Utafanya nini? Hukai na mpira, unagusa mara moja tu, umeshatoka. Halafu mwili wenyewe, mrefu zaidi ya mita 1.9 na nyayo ndogo, mtu kama huyo kugeuka ni kazi, ni lori kwenye kichochoro, basi yeye hageuki, anapiga kisigino mpira unaenda nyuma mwenyewe. Watu wanaita zile mbwembwe. Mimi nasema ule ulikuwa ubahili wa mtu asiye na muda, na chuo cha udaktari kina mkono wake pale.

1977 kamaliza masomo, 1978 kahamia Corinthians, klabu ya jiji la São Paulo, 1979 ndo anaitwa timu ya taifa ana miaka 25, umri ambao wengine washaanza kuchoka.

Pale Corinthians ndo narudi kwenye kile kitabu baba alichokichoma kwa kuogopa jeshi. Brazil bado iko chini ya jeshi, kura ya rais hakuna, halafu kuna klabu moja ya mpira kila kitu kinapigiwa kura! Yeye, wachezaji wenzake Wladimir na Casagrande, na wengineo, kocha kura moja, mtunza jezi kura moja, wanaamua mpaka habari ya kufungiwa kambini kabla ya mechi. Na wasije wakawaambia kura zinaharibu mpira, ubingwa wa jimbo la São Paulo wakauchukua 1982 na 1983. 1984 akasimama mbele ya umati akasema bunge likirejesha kura ya rais anabaki nchini. Muswada ukakosa kura 22, akaenda zake klabu ya Fiorentina, Italia.

Kombe la Dunia 1982 lile alikuwa kapteni, mtafuteni video ya goli lake kwa Italia, mwenzake Zico anampa, anaingia kutoka kulia, anapiga chini kati ya kipa Zoff na mwamba wa karibu, mpaka vumbi la chokaa linaruka kwenye mstari. Walifungwa 3-2 hata hivyo. 1986 na Ufaransa penati yake alipiga kwa hatua moja tu, kipa Bats akaitoa. Hiyo naipita haraka, bado inauma.

Akastaafu, akarudi Ribeirão Preto kufanya udaktari wake. Na hapa nisiwafiche kitu maana kuna wanafunzi wa tiba humu ndani: huyu daktari alikuwa anavuta sigara na anakunywa, hata enzi za kucheza mpira alikuwa anavuta, ini analijua kwa jina na kwa kazi, na bado. Baadaye alikiri mwenyewe hadharani kwamba pombe ilimshinda. Mwaka 2011 akalazwa kwa kuvuja damu tumboni, akatoka, akarudishwa, mwisho maambukizi yakaingia kwenye damu, kafa na miaka 57.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 4 Desemba. Siku hiyo hiyo Corinthians wanacheza na Palmeiras, wanahitaji sare tu wawe mabingwa wa Brazil. Kabla ya filimbi wachezaji wakasimama kuzunguka duara la katikati, kila mmoja ngumi ya kulia juu, vile alivyokuwa anashangilia yeye. Mechi ikaisha 0-0.