Mafuriko Hayaingii kwa Paa

Ratiba inasema nianze na historia ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora na kuitumia. Sianzi nayo. Wengi mnaijua, na asiyeijua atamuuliza jirani yake wakati wa chai. Mimi nimekuja kuzungumzia mfereji wa maji ya mvua.

Haiti, Januari 2010. Tetemeko limepiga Port-au-Prince, na kwenye ramani huria mji ule karibu ni mtupu. Watu wa kujitolea, wengi wao hawajawahi kukanyaga Haiti, wakachora barabara kwa kutazama picha za satelaiti, na baada ya siku chache waokoaji walikuwa wakizitumia. Kazi kubwa, nawavulia kofia. Lakini tangu siku hiyo tumelewa mapaa. Kila mkutano naonyeshwa mapaa ya nyumba yaliyochorwa kutoka picha za angani. Mafuriko hayaingii kwa paa, jamani! Yanaingia kwa mlango.

Tandale, Kigogo, Mchikichini, hapa Dar es Salaam: ukitazama kutoka angani utaona bati juu ya bati. Kwamba kati ya bati hizo umepita mfereji, kwamba kalavati limeziba taka, kwamba kuna mtu kajenga choo juu ya mkondo, hayo huyaoni. Mjumbe wa mtaa anayajua yote, na mwenye choo anamjua kwa jina. Mradi wa Ramani Huria, wa kuchora ramani za mafuriko, ulipoanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani na simu zao, wakaichora mifereji wakiwa na wenyeji. Muulize mama wa Magomeni Suna maji yalifika wapi Desemba 2011, mafuriko yale yaliyoua watu takriban 40 jijini. Hatakutajia sentimita. Atagusa goti, au kiuno, au atakupeleka ukutani akuonyeshe mstari wa tope. Toa tepu, pima pale alipoweka mkono, andika. Hakuna satelaiti ya kukupa kipimo hicho.

Kuna atakayesema ramani si ipo kwenye simu? Ipo, ya kampuni. Unaruhusiwa kuitazama, kuichukua data yake ukapigie hesabu zako za mafuriko, hapana. Tena kampuni haina haraka na mtaro wa Mburahati. Itamuuzia nani tangazo pale?

Swali zito ni la wenyeji wenyewe: "Mnachora ili mje mtubomolee?" Wana haki ya kuuliza. Mwishoni mwa 2015 na kuingia 2016, nyumba za bonde la Msimbazi zilipigwa X nyekundu, na nyingi zikavunjwa. Kijana anayebisha hodi na simu mkononi baada ya hapo asishangae akinyimwa hata kiti. Usiwaahidi kwamba haitatokea tena. Hayo mamlaka umeyatoa wapi? Waambie ramani hii wataiona na wao, wataikosoa, itabandikwa ofisi ya serikali ya mtaa. Kisha mwombe mjumbe atangulie. Ukitangulia wewe, rudi tu nyumbani.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Nilikuwa na sehemu ya droni. Tuiache, droni zina wasemaji wengi, na picha zake wafadhili wanazipenda mno. Kimbunga Idai, kile kilichopiga Msumbiji 2019, nacho basi. Niseme hili moja: ramani inazeeka. Mifereji inazibwa, mingine inachimbwa, vyumba vinaongezwa uani, na fedha za mradi zikiisha hakuna anayerudi kupima. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilipoingia mji wa Katesh, aliyetaka kujua palikuwa na nyumba ngapi alihitaji ramani ya tarehe 2. Tope halikuachii kitu cha kuhesabu. Haya, hapo mapaa yana kazi, nakubali, msinipigie makofi.

Wanaokuja Jumamosi kupima mifereji, njooni na buti za mpira, na tepu mje nazo wenyewe. Zetu zimeishia mifukoni mwa watu.