Jinsi ya Kucheza Michezo ya Mega Drive kwenye Dell Axim X50

Karibu, mtazamaji. Kifaa unachokiona hapa mezani ni Dell Axim X50, kompyuta ya kiganjani iliyotoka mwaka 2004, na katika video hii tutaiandaa ili ichezeshe michezo ya Sega Mega Drive, mashine iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1988. Axim hii ilitolewa kwa aina tatu kulingana na kasi ya prosesa: ya megahezi 416, ya 520, na X50v ya 624. Mimi ninatumia ile ya 520, kwa sababu kioo chake kina nukta 240 kwa 320, na programu nyingi za enzi hizo ziliandikwa kwa ajili ya kioo cha kipimo hicho. Ukibahatika kuikuta kwa wauzaji wa mitumba ya elektroniki hapa Kisumu, iwe ni soko la Kibuye au kwa fundi wa simu aliyeko mjini, iwashe kabla hujalipa, bonyeza kitufe cha mwelekeo pande zote nne, kisha toa betri uitazame: iliyovimba isirudishwe ndani wala isichajiwe.

Sababu ya kuchagua Mega Drive ni kwamba vifaa hivi viwili vinaelewana vizuri mno. Picha ya Mega Drive kwa kawaida ina nukta 320 kwa 224, hivyo ukilaza kioo cha Axim unaipata picha nzima bila kuikata wala kuivuta, na inabaki mistari 16 tu isiyotumika. Prosesa kuu ya Mega Drive, Motorola 68000, ilifanya kazi kwa takriban megahezi 7.67. Pengo hilo la kasi kati yake na megahezi 520 za Axim linaonekana kubwa kupita kiasi, lakini emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, hulazimika kufasiri kila amri ya prosesa ya zamani, na wakati huohuo kuunda picha na sauti. Ndiyo maana ninapendekeza emuleta iitwayo PicoDrive, iliyoandikwa mwanzoni kwa ajili ya vifaa vya Pocket PC kama hiki: sehemu yake inayoiga 68000, iitwayo Cyclone, imeandikwa kwa lugha ya mashine ya ARM yenyewe, aina ya prosesa iliyomo ndani ya Axim, na kazi hiyo ya ustadi ndiyo inayotuwezesha kucheza bila kukwamakwama.

Kabla ya kugusa chochote, naomba unisikilize kwa makini. Axim X50 hutumia Windows Mobile 2003 Second Edition, na katika mfumo huo programu unazosakinisha na faili unazohifadhi kwenye kumbukumbu kuu hukaa katika RAM, kumbukumbu inayohitaji umeme wakati wote. Betri ikiisha kabisa, na ile ndogo ya akiba nayo ikaisha, kila kitu hufutika na kifaa huamka kama kilivyotoka kiwandani. Mfumo wa Windows Mobile 5 wa mwaka 2005 ndio ulioondoa tatizo hili. Kwa sisi ambao stima inaweza kupotea jioni na isirudi hadi asubuhi, jambo hili si dogo, kwa hiyo emuleta, michezo na maendeleo yako yote yatakaa kwenye kadi.

Sasa chukua kadi ya SD isiyozidi gigabaiti 2. Kadi za SDHC, yaani zile za gigabaiti 4 na kuendelea, hazisomwi na kifaa hiki hata zikiingia vizuri. Iweke kwenye kompyuta yako kwa kutumia kisoma kadi, iumbize kwa mfumo wa FAT, halafu tengeneza folda mbili, moja ya emuleta na nyingine ya michezo. Njia hii inakuepusha na ActiveSync, programu ya zamani ya kuunganisha vifaa hivi ambayo husumbua sana kwenye Windows za sasa.

Kuhusu michezo yenyewe, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta, na umri wa mchezo hauondoi ulinzi huo. Tumia michezo ambayo wenyewe wameruhusu isambazwe, au inunue mipya. Tanglewood, kwa mfano, ilitolewa mwaka 2018 ikiwa imetengenezwa mahususi kwa Mega Drive. Fungua faili zilizobanwa ukiwa bado kwenye kompyuta, ili Axim isipoteze kumbukumbu kwa kazi hiyo.

Rudisha kadi kwenye Axim, fungua File Explorer, uingie Storage Card. Faili ya EXE iliyotengenezwa kwa prosesa za ARM hufunguka kwa kuigusa tu. Ikiwa ni CAB, yaani kifurushi cha kusakinisha, iguse ijisakinishe, na ukiulizwa mahali chagua kadi. Kisha nenda Settings, System, Memory. Hapo utaona kitelezi kinachogawa megabaiti 64 za RAM kati ya hifadhi na programu. Kisogeze ili programu zipate sehemu kubwa zaidi, kwa kuwa mchezo mmoja unaweza kufikia megabaiti 4, nao hupakiwa pamoja na emuleta.

Fungua mchezo, ulaze picha, kisha utazame mwendo wake. Ukiona mchezo unajikokota, anza na sauti. Chipu ya sauti ya Mega Drive, YM2612, ina njia sita za sauti, na kuiga zote ni kazi nzito; kushusha ubora wa sauti kutoka hezi 44100 hadi 22050 hupunguza hesabu hizo kwa kiasi kikubwa, na kwenye spika ndogo kama hii hutasikia tofauti ya maana. Kuruka fremu, yaani kuacha baadhi ya picha zisionyeshwe, kuwe hatua ya mwisho, na usizidishe fremu moja, maana katika michezo ya kasi macho hukosa kitu unachopaswa kukikwepa. Hakikisha pia kwamba mipangilio ya umeme haijapunguza kasi ya prosesa.

Vitufe vinne vya mbele vinatosha kabisa kwa A, B, C na Start. Vigawe, kisha jaribu kuruka huku ukikimbia ili uone kama kifaa kinapokea vitufe viwili kwa pamoja.

Ukimaliza, hifadhi hali ya mchezo kwenye kadi. Ile alama ya X pembeni mwa kioo huificha programu tu, haiifungi, nayo huendelea kushika kumbukumbu na kula betri. Kwa hiyo ikiwa emuleta haina amri yake ya kutoka, rudi Settings, System, Memory, fungua Running Programs, chagua jina lake na uguse Stop, ndipo uzime kifaa na kukiweka kwenye chaja.