Kitambulisho Chako Kinakaa kwa Nani?

Mhadhara uliotolewa mbele ya vyama vya akina mama katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi

Mama mwenyekiti, akina mama wenzangu, na nyinyi wazee wawili mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, hamjambo. Nimefundisha historia miaka mingi, na mwalimu mstaafu akishika kipaza sauti ni hatari. Mwenyekiti ameahidi kunikoholea nikizidisha.

Naanza na swali, ila msinijibu kwa sauti. Kitambulisho chako kiko wapi saa hii? Kwenye mkoba? Ndani ya Biblia, ndani ya Msahafu? Au kwenye lile sanduku ambalo ufunguo wake anao mtu mwingine? Naam, naona mmeanza kutazamana.

Nauliza kwa sababu nyanya yangu alipiga kura mwezi Mei 1963, katika uchaguzi wa kwanza ambao kila mtu mzima wa nchi hii, mke kwa mume, alihesabiwa kura moja. Lakini kitambulisho alikipata miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Kipande cha mkoloni kilikuwa cha wanaume. Walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati, na Wakikuyu wakakiita mbugi, ile kengele ya mbuzi. Uhuru ukaja, mbugi zikatupwa, ila sheria ya kuandikisha watu ikaendelea kuhesabu wanaume peke yao mpaka ilipobadilishwa 1978. Miaka kumi na mitano serikali iliitaka kura ya nyanya yangu, jina lake haikuwa na haja nalo. Akiulizwa yeye ni nani, alikuwa mke wa fulani.

Sasa, kuna maneno nayasikia kila mara, hata kwa watu waliosoma: kwamba kura ya mwanamke walioipigania ni wazungu, sisi ilitujia tu pamoja na bendera. Nusu ya kwanza ni kweli, na mwenye haki apewe haki yake. Wanawake wa Uingereza walifungwa jela, wakagoma kula, wakalishwa kwa nguvu kwa mipira iliyopitishwa puani. Emily Wilding Davison alikanyagwa na farasi wa mfalme kwenye mashindano ya Epsom mwaka 1913, akafa baada ya siku nne. Mwaka 1918 walipata kura, lakini ni wale waliotimiza miaka thelathini tena wenye mali, au wake za wenye mali. Usawa na wanaume ukaja 1928. Kule New Zealand walikuwa wamemaliza kazi hiyo tangu 1893, bila kelele nyingi.

Kisa ninachokipenda mimi ni cha Marekani. Susan B. Anthony alipiga kura mwaka 1872 bila ruhusa, akashtakiwa, akatozwa faini ya dola 100, akaapa hatalipa hata senti. Hakulipa. Alikufa 1906, kura yenyewe hajaipata. Mwaka 1920 ikabaki jimbo moja tu likubali ili katiba ibadilike, nalo ni Tennessee. Wabunge wamegawanyika katikati. Kijana mmoja wa miaka 24, Harry Burn, amevaa ua jekundu kifuani, alama ya wanaopinga. Mfukoni ana barua ya mama yake, Febb Burn, mjane wa shambani, akimwambia awe mtoto mwema na awape wanawake kura. Jina lake likaitwa. Akasema ndiyo. Mama ambaye hakuwa na kura yake mwenyewe ndiye aliyeisukuma ile ya mwisho. Akina mama wenye watoto bungeni, mnanisikia? Mwandikieni ujumbe.

Hata hivyo, shukrani hiyo msiimwage yote hapo. Wanawake weusi wa majimbo ya kusini waliendelea kufukuzwa vituoni kwa mitihani ya kusoma na kwa vitisho mpaka sheria ya 1965. Yaani nyanya yangu Mkenya alipiga kura kwa amani kabla ya wengi wao.

Turudi nyumbani. Mnajua wanawake walipewa lini kwa mara ya kwanza haki ya kupiga kura katika nchi hii? Si 1963. Ni 1919, walipopewa walowezi, waume kwa wake. Bibi wa kizungu alitoka kwenda kupiga kura, na aliyempikia na kumlelea watoto akabaki jikoni, si yeye wala mumewe aliyeulizwa neno. Miaka mitatu baadaye, Machi 1922, Harry Thuku, mtetezi wa wafanyakazi Waafrika, alikamatwa na watu wakajaa nje ya kituo cha polisi, jirani na pale kilipo Chuo Kikuu leo. Wazee wakaja na habari kwamba wamezungumza na serikali, watu watawanyike. Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipopandisha rinda lake mpaka mabegani, akawaambia wanaume wavae hilo na wampe yeye suruali zao. Wenye asili ya Murang'a na Kiambu humu ndani wanajua hiyo ni laana nzito kiasi gani, sitaieleza mbele ya wazee wale wawili. Askari wakafyatua risasi. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21, na Muthoni alikuwa miongoni mwao. Hakuwa akidai kura, hilo lazima niliseme, historia si ya kupaka rangi. Alidai mtu wake aachiliwe. Lakini mwanamke asiye na karatasi yoyote mkononi alifanya siasa kwa kitu pekee alichokuwa nacho.

Mwafrika alipoanza kuchagua, 1957, kura ilipimwa kama sukari dukani. Umesoma? Una mali? Una mshahara mnono? Ulitumikia jeshi? Mtu mmoja aliweza kufikisha hadi kura tatu. Na kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, kwanza uonyeshe cheti cha utiifu kwa serikali. Niambieni, katika masharti hayo mama wa kijijini angepenya wapi? Mombasa nako, wanawake wa jamii ya Waarabu walipoona waume zao wanaandaliwa kura na wao wameachwa nje, waliandika ombi na kulitia saini. Na kwenye mazungumzo ya katiba huko London mwaka 1962, katikati ya wanaume wetu wote wale, alikuwapo mwanamke mmoja Mkenya, Priscilla Abwao. Mmoja! Kwa hiyo bendera haikuja peke yake.

Niseme kidogo juu ya siri ya kura, kwa maana hapo ndipo nguvu yetu ilipo. Wenye umri wangu mnaukumbuka mlolongo wa 1988. Ulisimama nyuma ya mgombea, hadharani, chifu anakuona, shemeji anakuona. Mke gani angejipanga mstari tofauti na wa mumewe kisha arudi nyumbani jioni hiyo hiyo? Mimi nilisimama nisipotaka. Miaka minne baadaye, mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai. Polisi walipowavamia, baadhi yao walivua nguo, vilevile kama Muthoni. Desemba ya mwaka huo tukaingia kibandani na karatasi iliyokunjwa. Mume wangu aliniuliza usiku nimempa nani. Nikamwambia, yule uliyesema. Mungu anisamehe.

Uchaguzi wa 2022 walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 22, na wanawake walikaribia nusu. Urais uliamuliwa kwa tofauti ya kura kama 233,000. Mwanamke anayesema yake moja haibadilishi kitu, hesabu hiyo aiangalie tena. Katika viti 290 vya majimbo tulipata kama kimoja kwa kila kumi. Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti katika vyombo vya kuchaguliwa, na mwaka 2020 Jaji Mkuu Maraga alimshauri rais avunje bunge kwa kutotunga sheria hiyo. Bunge halikuvunjwa. Mimi siwaambii mchague mwanamke kwa sababu ni mwanamke, nimewaona baadhi yao wakishafika. Nawaambia leso na pakiti ya unga vipokeeni, mle, mjifunge, halafu mfanye mlilokusudia.

Mwenyekiti anakohoa. Namalizia.

Asubuhi mama mmoja, simtaji, alinivuta kando pale nje. Kitambulisho chake kiko kwa mwenye duka, kimewekwa rehani kwa deni la unga na mafuta. Yuko nacho mwezi wa tatu sasa. Deni ni shilingi 650. Duka hufungwa saa mbili usiku. Naomba hii kofia ya mzee ipite kwanza kabla ya chai.