Garðar: Askofu, Dubu na Pembe

Nianze na dubu. Wanaonijua walishajua nitaanza na dubu. Wanorwe waliolowea Greenland, kile kisiwa cha barafu cha kaskazini, baadaye walitoweka, na swali letu ni kwa nini. Walikuwa Wakristo, makanisa wanayo, askofu hawana. Basi Einar Sokkason, mtoto wa mkubwa mmoja kule, akafunga safari kwenda kwa Mfalme Sigurd wa Norwe. Hakwenda mikono mitupu. Alibeba ngozi, akabeba pembe za walrasi, yule mnyama wa baharini mwenye meno mawili marefu, na juu ya yote hayo akamtunukia mfalme dubu. Msiniulize alimlisha nini njiani! Askofu akapatikana: Arnald, aliyewekwa wakfu mwaka 1124 huko Lund, mji ambao leo uko Sweden. Makao yake yakawa Garðar, ndani kabisa ya ghuba nyembamba, mahali panapoitwa Igaliku leo.

Kuna mtu ananung'unika: sisi Waswahili Greenland yatuhusu nini? Vuta subira, ndugu yangu. Jimbo lile sarafu halikuwa nazo. Zaka ililipwa kwa ngozi na pembe, hata mwaka 1282 Papa Martin IV akaagiza mali hiyo igeuzwe dhahabu au fedha. Mwaka 1327 pembe za zaka zilizouzwa zilikaribia kilo 650. Haya, tangu karne ya 13 pembe gani nyingine ilikuwa ikiingia Ulaya? Ya ndovu wa Afrika! Na shehena nyingine ilitoka bandari za pwani yetu hii, ikapita Bahari ya Shamu na Misri, hadi kwa wachongaji wa Paris. Pembe ya ndovu ni kubwa, laini mpaka ndani; ya walrasi ina kiini chenye madoadoa. Wewe ungekuwa fundi ungechukua ipi?

Ukiuliza Wanorwe wale walitowekaje, utajibiwa: "Baridi ndiyo iliwamaliza." Kila mahali naambiwa baridi, baridi! Sikatai, ilizidi. Ila nahodha huvumilia barafu penye faida; pembe ya walrasi ikishindwa sokoni na ya ndovu, atafuata nini huko?

Mwenyekiti anatazama saa, nikimbie. Alf, askofu wa mwisho kukaa Garðar, alifariki mwaka 1378. Habari ya mwisho iliyoandikwa ya watu wale ni harusi iliyofungwa kanisa la Hvalsey, hukohuko Greenland, 1408. Miaka ya 1490 Papa Alexander VI aliandika kwamba inasadikiwa meli haijafika huko kwa miaka 80. Mwaka 1926 Poul Nørlund, mwanaakiolojia wa Denmark, akachimba magofu ya Garðar: kaburi la askofu, fimbo yake yenye kichwa cha pembe ya walrasi, na mafuvu ya walrasi yamezikwa palepale kanisani. Mnaona walichokithamini?