Mgeni Aje na Sheria Zake

(Mhadhara kwa waandishi wa miswada na wachoraji wa komiki, Kampala)

Asanteni, kaeni. Mkono ule ulioinuka pale nyuma naomba ushuke, swali lenyewe nalijua: nani angemshinda nani. Kwenye vibanda vya video, kwenye mabasi ya usiku ya kwenda Gulu, kila mahali ni hilo hilo, na mimi limenichosha. Atashinda yule ambaye mwandishi anataka ashinde. Ukitaka kujua zaidi ya hapo, nenda kabeti.

Sisi tunaotunga tuna swali jingine. Watu wawili waliozaliwa kwenye visa tofauti wakikutanishwa, je, kila mmoja anabaki yule yule tuliyempenda? Krosova nyingi, yaani visa vinavyokutanisha wahusika wa hadithi tofauti, zinafia hapo. Mwandishi ana kipenzi chake, anamwalika mgeni mashuhuri, kisha anamgeuza mgeni kuwa bwege ili kipenzi chake ang'are. Wale mlionisikia zamani mnajua ninakoelekea. Ndiyo, ni yule Mfaransa tena. Vumilieni.

Maurice Leblanc alikuwa na mwizi wake mwungwana, Arsène Lupin. Mwaka 1906 akamwingiza mpelelezi Sherlock Holmes katika hadithi yake bila kubisha hodi kwa mtunzi wake, Arthur Conan Doyle. Doyle akalalamika, na jina likageuzwa kuwa Herlock Sholmes. Banange, herufi imehama upande, mambo yakaisha!

Lakini itazameni hadithi yenyewe. Kuna kasri lenye njia ya siri chini ya ardhi. Lupin ameshaing'amua na ameshaitumia. Holmes anafika amechelewa, na njiani anapishana na Lupin anayeondoka. Wanatazamana, wanaongea kidogo, kila mmoja anashika njia yake. Holmes anafika kasrini, anategua fumbo la ile njia kwa dakika chache, mwenye nyumba anabaki mdomo wazi. Kisha anapanda gari arudi, na garini anakuta kifurushi chenye jina lake. Anakifungua. Ndani kuna saa, na saa ni yake mwenyewe. Amechomolewa mfukoni walipopishana! Mwenye nyumba anaangua kicheko, halafu anauona uso wa Holmes, anakimeza.

Hakuna ngumi iliyorushwa. Holmes ametegua, kama Holmes. Lupin ameiba, kama Lupin. Kila mmoja ameshinda kwa sheria za kwao na ameaibika kwa sheria za mwenzake. Mtoe mmoja, kisa hakisimami.

Baadaye Leblanc huyo huyo akanogewa. Katika visa virefu vilivyofuata, msaidizi wa mpelelezi, Watson, ambaye sasa anaitwa Wilson, anavunjwa mkono kama kichekesho, na mgeni aliyekuja na akili zake anapungua ukurasa kwa ukurasa. Mwandishi ni yule yule na wahusika ni wale wale, ila safari hii alishachagua upande.

Mtaniambia: Mwalimu, mbona Wajapani walibadilisha mgeni na filamu ikapendwa? Kweli. Mwaka 1962 kampuni ya Toho ilimkutanisha King Kong, sokwe mkubwa wa filamu za Kimarekani, na Godzilla, dubwana lao wenyewe. Kong wa 1933 alikuwa wa kupanda jengo la Empire State, si wa kusimama bega kwa bega na Godzilla wa mita 50. Wakamkuza hadi mita 45, na wakamfanya apate nguvu kutokana na umeme, jambo ambalo kwao hakuwa nalo. Walivunja sheria? Walivunja. Lakini balaa lake hawakuligusa: bado ni mnyama anayeng'olewa kisiwani kwake na watu wenye tamaa, safari hii kampuni ya dawa inayotaka kujitangaza. Mwili ukuze utakavyo. Na msinianzishie ile porojo kwamba katika toleo la Kijapani Godzilla anashinda. Hakuna kitu kama hicho. Toleo la Kijapani na la Kimarekani, kote anayeonekana akiogelea kurudi kwao ni Kong.

Hata VJ, yule anayetafsiri filamu kwa sauti yake kwenye vibanda vya video, analijua hili. Akimtuma komando wa Kimarekani kununua rolex, ile chapati yetu ya mayai, pale Wandegeya hapa Kampala, ukumbi unavunjika mbavu kwa sababu komando kwenye skrini bado ana sura ile ile ya kuua. Angekuwa mchekeshaji, utani usingeshika.

Sasa tuje nyumbani. Mchukueni Abunuwasi wa pwani na Wakayima, sungura wetu wa Buganda. Wote wajanja, ndiyo maana waandishi wavivu watawashindanisha ujanja hadi tulale. Mimi ningefanya hivi. Abunuwasi anaazima sufuria kubwa kwa Wakayima, anairudisha na kasufuria kadogo: imezaa. Wakayima anapokea, anashukuru. Mara ya pili sufuria hairudi: imekufa. Kisa cha pwani kinaishia hapo, kwa sababu aliyekubali uzazi hawezi kukataa kifo.

Lakini huyu ni Wakayima. Habishi. Anaangua kilio. Anakwenda kuita ukoo mzima, jioni wamejaa uani kwa Abunuwasi wakilia, wanawake wamefunga viuno, wazee wanauliza kaburi liko wapi na mabugo, ule mchango wa msiba, yanakusanywa na nani. Usiku unaingia, waombolezaji hawajala. Msiba hauendi bila chakula, na katika nyumba ile sufuria ya kutosha kulisha umati ni moja tu: marehemu mwenyewe, amefichwa chini ya kitanda.

Mnacheka, lakini tazameni kilichotokea. Abunuwasi anashinda kwa kumnasa mtu na maneno yake. Wakayima sikumfanya bingwa wa mantiki. Yeye anawaingiza wengine kwenye shauri lake. Na desturi zetu za msiba zimefanya kazi ambayo hakimu wa Baghdad asingeiweza. Abunuwasi atatokaje? Sijui, mmalizie nyinyi. Ila asitoke kwa mbio. Mbio ni za sungura.

Naoneshwa saa. Nilikuwa na mengi kuhusu Marvel, kampuni ya Kimarekani ya filamu za mashujaa, tuyaruke: kabla ya kuwakutanisha mashujaa wake, wale Avengers, mwaka 2012 walitanguliza filamu tano tangu 2008, ili kila mmoja aingie akiwa anajulikana. Nyinyi hamna pesa hizo. Wakayima ametambulishwa na bibi zenu bure.

Haki miliki, haraka haraka. Abunuwasi na Wakayima hawana mwenyewe wa kuwashitaki. Shujaa wa komiki ya jirani yako anaye, kwa hiyo kaongee naye kabla hujachora, na muandikiane, pamoja na nani anapata kurasa ngapi. Filamu ya 1988 iliyowaweka Mickey Mouse na Bugs Bunny pamoja ilibidi iwape muda sawa kwenye skrini, kwa mapatano ya kampuni zao. Wakubwa wanagombania sekunde, nyinyi mnapeana mikono tu.

Haya, maswali. Wewe wa nyuma, kama ni lile lile, kaa.