Elfu Kumi na Nane za Apu Tatu

Hamjambo watu wangu wa Nairobi. Leo sitawatembeza popote. Nimekaa jikoni kwangu hapa Dallas, na nina jambo limenikaa moyoni.

Juzi saa tisa usiku simu iliniamsha. Huko kwenu ilikuwa saa sita mchana. Mdogo wangu. "Dada, nisaidie elfu kumi na nane. Watu wa apu za mikopo wameanza kumpigia Mama." Mama yetu, ambaye hata sukari ya jirani huirudisha siku hiyo hiyo!

Wacha nianzie hapo. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kuchota namba kwenye simu yako ili awasumbue jamaa zako. Akikufanyia hivyo, hifadhi ujumbe, andika saa aliyopiga, upeleke malalamiko. Kudaiwa hakukuondolei heshima.

Sasa deni lenyewe. Lilianza na 5,000 za kodi ya nyumba kule mtaa wa Pipeline. Siku 30 zikaisha, mshahara ukachelewa, akakopa apu ya pili kulipa ya kwanza, kisha ya tatu. Nikamwambia, chukua kalamu tuhesabu. Ada ya 7.5% kwa siku 30, kama ile ambayo M-Shwari, mikopo ya M-Pesa, ilianza nayo 2012, inasikika ndogo. Kwa 5,000 ni 375 tu. Lakini ukilisogeza deni mbele kila mwezi, mwaka ukiisha umelipa 4,500, na zile 5,000 bado zinakungoja. Hiyo ni 90% kwa mwaka, jamani! Kadi yangu ya mkopo huku inatoza 24% kwa mwaka na watu wanailalamikia usiku na mchana. Tena nikilipa salio lote kabla ya tarehe, sitozwi riba yoyote.

Alinyamaza muda mrefu kwenye simu.

Simlaumu. Nikiwa na miaka 23, naishi Umoja, nami nilikopa huku nikilipa kule, na sikumwambia mtu. Lile deni lilinichosha, lakini kulificha ndiko kulikonikondesha.

Kwa hiyo ukikwama, uliza kwanza: kwa mwaka ni ngapi? Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ni 8% kwa mwaka, yaani 1,000 kwa siku 14 ni kama shilingi 3. Sako nyingi, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, kwa riba ya kama 1% kwa mwezi kwenye deni lililobaki. Utahitaji wadhamini, na mimi hilo nalipenda, kwa sababu kuna watu wanaokujua na wanajua unadaiwa. Halafu omba ripoti yako ya CRB, wale wanaoweka rekodi za mikopo ya watu. Una haki ya moja bila malipo kila mwaka. Isome wewe kabla mwajiri hajaisoma.

Mdogo wangu sikumtumia zote. Nimetuma za kuifunga ile apu ghali kuliko zote. Mbili zilizobaki tumezipangia tarehe, atazilipa kwa mshahara wake mwenyewe. Karatasi ya hesabu ameishika Mama, na Jumapili baada ya kanisa atatusomea.