Washington kuwa jimbo: hoja za pande mbili na mbinu zake

Ndugu wasikilizaji, tuanze na kibao cha namba ya gari. Washington, mji mkuu wa Marekani, si sehemu ya jimbo lolote, na kuna mjadala kama ufanywe jimbo; tangu mwaka 2000 vibao vyake vimekuwa na maneno ya kulalamikia kutozwa kodi bila uwakilishi. Hicho ndicho kilio cha Wamarekani walipomwasi mfalme wa Uingereza, kwa hiyo anayepinga jimbo hujikuta amevishwa taji la mfalme kabla hajafungua mdomo. Mbinu hii ni kali, lakini ina tundu. Shida ikiwa kodi, mpinzani atasema: wasamehewe, kama wakazi wa Puerto Rico ambao wengi wao hawalipi kodi ya mapato ya shirikisho. Au mji urudishwe Maryland, jimbo lililotoa ardhi yake, kama Alexandria, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya makao makuu, ilivyorudishwa Virginia katika miaka ya 1840. Hoja imeonyesha dhuluma; haijaonyesha kwamba dawa ni jimbo.

Ndiyo maana watetezi makini hukimbilia sensa ya 2020: Washington watu 689,545, Vermont 643,077, Wyoming 576,851. Wyoming ina maseneta wawili na mbunge mwenye kura. Washington haina seneta, na mjumbe wake katika Baraza la Wawakilishi hapigi kura ya kupitisha sheria. Msemaji hana haja ya kuongeza neno. Msikilizaji anamalizia mwenyewe.

Sasa tazameni jibu la wapinzani. Juni 2020 Seneta Tom Cotton wa chama cha Republican hakubishana na idadi, alibadilisha kipimo: Wyoming, alisema, ni jimbo la wafanyakazi, lenye watu wa migodini, wakata magogo na wajenzi. Machi 2021 Jody Hice, wakati huo mbunge wa chama hicho hicho, akadai Washington ingekuwa jimbo pekee lisilo na uwanja wa ndege, duka la magari wala jaa la taka. Swali la haki za watu limegeuzwa kuwa swali la sifa za mahali, na Katiba haidai sifa hizo popote. Tena dai la duka la magari lilipingwa kikaoni hapo hapo, na dai dogo likianguka huchafua hata yale mazito.

Na mazito yapo. Ibara ya 1 ya Katiba, sehemu ya 8, inalipatia Bunge mamlaka kamili juu ya wilaya ya makao makuu isiyozidi maili kumi kwa kumi. Watetezi husoma "isiyozidi" kuwa ni ukomo wa juu tu; hivyo muswada uliopita Baraza la Wawakilishi tarehe 22 Aprili 2021, kwa kura 216 dhidi ya 208, ungebakiza wilaya ndogo yenye Ikulu, Bunge na Mahakama ya Juu. Hapo Marekebisho ya 23 ya Katiba ya mwaka 1961, yanayoipa wilaya kura za kumchagua rais, yanawabana: wilaya hiyo, karibu bila wakazi, ingebaki na kura tatu za kumchagua rais. Muswada uliweka utaratibu wa haraka wa kuyafuta, lakini kuyafuta kunahitaji robo tatu ya majimbo. Kwa maoni yangu hapa ndipo watetezi wanapoyumba zaidi, maana wanaziba tundu la leo kwa ahadi ya kesho.

Kuna jambo pande zote hulisema kwa sauti ndogo: maseneta wawili ambao Washington ingepata karibu hakika wangekuwa wa chama cha Democratic. Kwa hiyo mkichambua hotuba yoyote ya mjadala huu, andikeni hoja zake moja moja, kisha mjiulize ipi ingebaki kinywani mwa msemaji kama mji huo ungekuwa unawapigia kura Republican.